Jina la Mrithi Lilivyochapwa

Bosi wangu wa Bukoba alikuwa na ugonjwa wa haraka, na mimi mjinga nikaambukizwa. Tulikuwa tunatengeneza programu ya chama cha wakulima wa kahawa. Ndani yake kila mkulima alikuwa kama bahasha: jina, kijiji, idadi ya mibuni, mrithi. Nilitaka kuandika mwenyewe, kimoja kimoja, vitu vya kuchapwa kwenye karatasi atakayopewa kila mkulima. Eti nachelewesha kazi! Bosi akanitaka nitumie rifleksheni, yaani programu ijichungulie yenyewe, iulize bahasha ina nini, na kila inachokikuta ikigeuze kuwa maandishi.

Nikaandika, mistari haikufika ishirini. Hata sehemu nilizozifunga kuwa za siri zilisomwa, kwa sababu mstari wa kuvunja kufuli niliuweka mwenyewe. Nilijaribu kwa wakulima wa kubuni, ambao sehemu ya mrithi niliiacha tupu, na sehemu tupu haichapwi. Karatasi zikatoka safi. Nikajiona kichwa kweli.

Kwetu Muleba mrithi hatangazwi mzee akiwa hai. Anamtaja kwa mashahidi, na jina linafichwa mpaka matanga yaishe. Wakulima walimnong'oneza karani wa chama jina hilo, mlango umefungwa, naye akaliingiza kwenye programu, ili ijulikane nani atashika uanachama pamoja na kibanja cha kahawa baadaye. Baba yangu, Tata, naye alifanya hivyo. Sikujua alimtaja nani, wala sikuwahi kumuuliza.

Karatasi zilipogawiwa ili watu wakague taarifa zao, kaka yangu mkubwa alikwenda kuchukua ya Tata. Ndiye anayekaa naye, ndiye anayepogoa mibuni na kuhudumia migomba. Akasoma mstari wa mwisho: mrithi, na jina langu.

Alinipigia simu nikiwa nyumbani kwangu Nshambya, hapo Bukoba, nafua. Hakunisalimu. Alisema, "Umejiandikia kibanja kwa kompyuta yako, mwizi wewe."

Nilimweleza habari ya programu, akanicheka. Nikamtukana, na mpaka leo sijamwomba radhi. Miaka yote aliniambia kompyuta ni mchezo wa watu wavivu, leo imekuwa silaha ya kuibia! Nikamfuata bosi nikiwa nimewaka. Akasema ni hitilafu ndogo, tutarekebisha. Hitilafu ndogo, nyoo! Ya babake ingekuwa ndogo?

Kaka akasusa. Mibuni haikuguswa tena, na mkewe akaacha kumpelekea Tata chakula. Mzee wa umri ule akawa anajichemshia ndizi mwenyewe, majirani wanaona.

Baada ya wiki mbili Tata akaja ofisini kwetu amevaa koti lake la kanisani. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliniambia jina langu aliliweka yeye kwa akili zake timamu, na kwamba hajuti.

"Lakini wewe uko huku, mwanangu, na mimi nakula kwa mkono wake," alisema. "Nifutie jina lako."

Nilitaka kukataa. Nilimchukia kaka, nikamchukia bosi, nikaichukia mikono yangu. Tata akasaini fomu mpya. Nikakaa kwenye kompyuta, nikafuta jina langu, nikaandika la kaka. Hakuwa na miwani, hivyo akaniomba nimsomee. Nikamsomea jina la kaka yangu mara mbili, mpaka akaridhika.