Mpishi wa Pai Aliyefunga Kila Alhamisi

Maziwa yananisumbua tumbo. Ni sentensi fupi, lakini nimeikana mbele ya daktari, mbele ya marehemu mume wangu, na mbele ya vikombe visivyo na idadi. Naiandika leo kwa sababu nimestaafu na hakuna anayeweza kunifuta kazi.

Nilikana kwa maandishi siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha pai za kugandishwa huko Manassas. Nilikuwa nimefika Marekani na shahada ya fasihi ambayo hakuna aliyeniomba niionyeshe. Msimamizi wa Zamu alinipa kofia ya wavu, glavu, na fomu ya maswali. Swali la nne liliuliza kama kuna chakula kinachonidhuru. Nikaandika "Hapana" kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, kisha nikasimama kwa saa nane mbele ya mkanda wa mashine nikimimina krimu kwenye pai zilizopita kama watoto wa shule kwenye gwaride.

Mnielewe. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha maziwa huko Kinangop. Maziwa ya asubuhi yalinipeleka sekondari na ya jioni yakanipeleka chuo kikuu. Kusema kwamba yananidhuru kungekuwa kumtukana ng'ombe na baba kwa pumzi moja. Tena kwetu, mgeni akipewa chai ya strungi, isiyo na maziwa, hujua hakutarajiwa, na mgeni akikataa chai ya maziwa, wenyeji watamjadili hadi mwaka mpya. Kwa hiyo nilikunywa. Nilikijua choo cha kila nyumba ya Mkenya kuanzia Manassas hadi Oxon Hill, hata zile ambazo sijawahi kuona vyumba vyake vya kulala.

Baada ya miaka miwili nilipata kazi Temple Hills, katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee. Hapo ndipo nilipojifunza upishi hasa. Mpishi Mkuu alikuwa mwanamaji mstaafu ambaye hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Hata salamu yake ilikuwa amri. Kila saa nne kamili alipanga vijiko vya plastiki juu ya meza, na kila mpishi alionja kila sufuria. Alhamisi ilikuwa siku ya pai ya kuku, yenye siagi kwenye ganda na mchuzi mweupe wa maziwa ndani. Nilivitazama vile vijiko, nikasema kitu cha kwanza kilichonijia kinywani: "Leo nimefunga."

"Onja kesho," akasema Mpishi Mkuu. Aliheshimu dini kama alivyoheshimu ratiba ya zamu.

Nikafunga Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata. Uongo ukishapangiwa siku hugeuka kuwa ibada. Habari zilifika kwenye ushirika wetu wa maombi wa Wakenya pale Oxon Hill, na kabla ya Pasaka nilikuwa nimechaguliwa kiongozi wa kamati ya kufunga na kuomba. Kina mama walinipigia simu kunishukuru kwa nguvu zangu za kiroho.

Mtu mmoja tu alikuwa na mashaka. Mama Furaha, Mkongo kutoka Uvira aliyeosha vyombo, alikuwa na macho yanayoona mafuta hata chini ya sahani. "Dada Njeri," aliniambia siku moja akikwangua trei, "weye unafunga kupita pasteur wa kanisa yetu. Iko kitu gani unaomba, Mungu anakatala kukupatia?" Nikamwambia naombea familia. Akasema basi familia hiyo iko na matatizo mengi, vraiment, kweli kabisa.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, nyinyi mnaoingia majikoni leo. Wazee kumi na wawili walikuwa na kadi nyekundu kwenye trei zao, maana yake hawagusi maziwa. Wengi wao yaliwasumbua tumbo tu, kama mimi. Mmoja, Bwana Curtis, dereva wa basi mstaafu, alikuwa tofauti: kijiko kimoja kilitosha kumvimbisha koo hadi ashindwe kupumua. Alhamisi hao kumi na wawili walipewa mapichi ya kopo, wakaketi wakitazama meza ya jirani ikipumua mvuke. Bwana Curtis alisema ameishi miaka sabini na minane akinusa pai za watu wengine. Nikaenda kwa Mtaalamu wa Lishe, aliyekuja kila Jumanne na mizani yake, nikamwomba ruhusa nijaribu pai isiyo na maziwa. Nilimweleza ni kwa ajili ya wazee. Ilikuwa kweli, kwa sehemu kubwa.

Ganda halikunisumbua. Badala ya siagi unatumia mafuta magumu ya mboga, yakiwa baridi kama kitasa cha mlango asubuhi ya Januari. Unayasugua kwenye unga kwa ncha za vidole hadi ufanane na chenga za mchele, unatia maji ya barafu kijiko kimoja kimoja, na unaacha kabla donge halijawa laini, kwa maana donge laini likiokwa huwa kiatu. Kisha unalilaza kwenye jokofu nusu saa. Usipolilaza litajikunja ndani ya oveni kama mtu aliyenyang'anywa blanketi. Pai ya viazi vitamu ilipata tui la kopo, nami mtu wa bara niliyezoea kuiona nazi kwenye kalenda nikajifanya fundi wa tui. Kwa rangi ya juu nilipaka maji ya sukari mahali pa maziwa na yai.

Ugumu ulikuwa mchuzi mweupe wa pai ya kuku. Mwanzoni nilikaanga unga kwa mafuta na kuulegeza kwa supu ya mifupa. Baadaye Meneja wa Jikoni, mwanamke mpole aliyependa kila kitu kiwe na faili, akaagiza tutumie mchuzi wa unga kutoka kwa msambazaji, ule usio na maziwa, ili kila Alhamisi ifanane na nyingine. Ulikuja katika mifuko mikubwa myeupe isiyo na picha wala maelezo, namba ndefu tu yenye herufi mwishoni.

Kipande cha kwanza cha kila mkupuo nilikila stoo, nyuma ya magunia ya viazi, kwa sababu mbele ya watu nilikuwa nimefunga. Nilikula polepole. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa chakula changu bora cha wiki.

Nilifanya kazi hiyo hadi magoti yalipokataa sakafu ya saruji. Sasa nakaa nyumbani Oxon Hill, naandika makala, nawapikia wanangu wanaonisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Nikiulizwa kazi ile ilinifundisha nini, huwa nasema ilinifundisha usafi na kuamka mapema, majibu yanayofaa kwenye hafla. Jibu lenyewe ni Alhamisi moja ya Februari.

Theluji ilikuwa imechelewesha lori la msambazaji, likafika asubuhi ile ile. Nilichanganya mchuzi, nikaoka, na saa tatu na nusu nikala kipande changu stoo. Sikuwa nimekunywa hata chai, nikaongeza cha pili. Saa tano tumbo likaanza kunguruma. Niliijua ngurumo ile kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Nikatoka chooni nikaketi juu ya kreti ya vitunguu, jasho likinitoka, na mezani pai ndogo kumi na mbili zikiwa tayari zimepangwa kwenye trei za kadi nyekundu.

Mama Furaha akasimama mbele yangu. "Umekula," akasema.

"Nimekula. Zina maziwa."

"Basi sema, dada. Ile mzee Curtis atakufa."

Nilimwambia Mpishi Mkuu kwamba zile pai zina maziwa. Akaenda kusoma mfuko, akarudi, akasema ni mchuzi ule ule. Ameuonja saa nne na hauna kasoro. Akaniuliza nimejuaje.

"Nimekula vipande viwili, na tumbo langu haliwezi maziwa."

"Leo si Alhamisi?"

"Ni Alhamisi."

"Wewe hufunga Alhamisi."

"Sijawahi kufunga," nikasema, "hata Alhamisi moja."

Mpishi Mkuu hakupandisha sauti. Alisema kwa miaka minne nimepeleka mezani chakula ambacho sijakionja, na sasa nataka azuie chakula alichokionja yeye. Akanipeleka kwa Meneja.

Meneja alifungua faili langu. Fomu ya pale, kama ile ya Manassas, ilikuwa na swali lile lile na jibu lile lile, kwa mwandiko ule ule mzuri. Akaiweka mezani katikati yetu. Alinieleza kwa upole kwamba kudanganya kwenye fomu ya afya ni kosa la kufukuzwa, na kwamba kama nimekosea kuhusu pai, nitakuwa nimedanganya mara mbili.

"Nishike lipi," akauliza, "fomu au tumbo?"

"Tumbo."

Akaagiza trei zizuiwe. Akampigia msambazaji, akaambiwa mhusika atapiga baadaye. Wazee kumi na wawili wakapelekewa sandwichi za bata mzinga, na Bwana Curtis akamtuma muuguzi aje kuuliza pai imefanya kosa gani. Tuliketi ofisini watatu tukingoja simu. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikafikiria kamati ya kufunga na kuomba. Kisha nikamfikiria yule mzee na koo lake, na kwa mara ya kwanza nikatamani kwa moyo wote maziwa yawe yamenidhuru.

Saa saba na dakika kumi simu ikalia. Meneja akabonyeza kitufe ili sote tusikie. Mwanamke wa upande wa pili alimwomba asome namba ya mfuko, pamoja na herufi ya mwisho. Meneja akasoma. Tukasikia vidole vikigonga kompyuta.

"Hiyo siyo mliyoagiza," akasema yule mwanamke. "Ile iliisha kwa sababu ya theluji, ghala likawapa hii. Ina maziwa ya unga, ni kitu cha pili kwenye orodha. Kuna mgonjwa aliyeila?"

"Hakuna."

"Mlijuaje? Hata sisi huku hatuzitofautishi bila kompyuta."

Meneja akanitazama, kisha akamtazama Mpishi Mkuu, naye akatazama sakafu. Kisha Mpishi Mkuu akaisogelea simu na kujibu kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza vitunguu.

"Mpishi wetu wa pai," akasema, "hawezi maziwa."