Maji ya Sakafu

Juzi huko Nunguni nilimwona kijana akiosha vigae vya kanisa jipya kwa mpira wa maji, nikakumbuka harufu ya simiti mbichi ya kwetu Kambu.

Nilikuwa mtoto, na mto ulikuwa umekauka. Mama na mimi tulichimba mchangani tangu asubuhi, tukapata maji ya mtungi mmoja tu, na nyumbani ndama wangu alikuwa akilia kwa kiu. Lakini ilikuwa zamu yetu ya kupeleka maji kwenye kanisa lililokuwa likijengwa. Fundi aliyamwaga yote juu ya sakafu mpya ya simiti. Kwetu tulimwagilia miche tu, kwa hiyo nilidhani amepanda kitu.

"Kitaota lini?" nikamuuliza.

"Mama Mwende, huyu wako anataka kuvuna kanisa!" Fundi akacheka sana. "Ni ili sakafu isipasuke, Mwende. Kesho mlete mengine."

"Na ndama wangu?"

"Nyamaza, mwanangu," Mama akasema. "Mungu anaona."

Siku hizi najua simiti hutaka maji ili ikomae. Jioni ile nilijua tu kwamba tumerudi na mtungi mtupu. Ndama aliulamba mdomo wa mtungi mpaka ukakauka, kisha akanitazama mimi, wala si Mama.