Utupa Aliosingiziwa Grasiana

Grasiana binti Dominiko alikuwa mwanamke pekee aliyeketi na wanaume bwawani siku za Jumapili, na kwa muda mrefu hakuna aliyejishughulisha naye. Bwawa lenyewe lilikuwa chini ya Masuguru, mahali ambapo Mto Ruvu, ambao wengine huuita Pangani, uliacha njia yake ya zamani, maji yakabaki yametuama, yakilishwa na kijito kimoja kilichoshuka kutoka upande wa mashamba ya mkonge. Watu wa ndoano walikutana hapo baada ya misa: vibarua wa mkonge, makuli wa stesheni, na fundi wa reli aliyeitwa Rehani. Huyo hakuwa na misa ya kumchelewesha, hivyo alifika mapema na kukalia jiwe zuri kuliko yote. Hawakuvua kwa njaa. Walivua ili wapate cha kusimulia wiki nzima.

Simulizi zao zilikuwa za kuyu. Huyu ni samaki wa magamba makubwa yenye rangi ya shaba, ana ndevu fupi pembeni mwa mdomo, na nguvu zake haziendani na umbo lake. Perege hata mtoto humpata. Kambare hujileta mwenyewe kwa uroho. Kuyu ana akili. Rehani alikuwa na kuyu wake mmoja aliyemtoa mwaka wa mafuriko, na kila alipomsimulia, kidole kilichoonyesha urefu kilipanda juu ya mkono, kikakaribia kiwiko, mwisho kikavuka kiwiko. Wenzake walicheka, naye akaendelea bila haya.

Grasiana alifundishwa ndoano na baba yake. Mzee Dominiko alikuja kutoka Buha kama manamba, kibarua wa mkataba wa mkonge, akaoa Mzigua wa Sindeni, asirudi kwao tena. Alimfundisha binti yake kusokota mshipi wa pamba na kuupaka nta, na kuchonga boya kwa mlingoti mkavu wa mkonge, ambao ni mwepesi na hauzami. "Kuyu hamezi," alimwambia. "Anaonja, anatema, anaonja tena. Ukivuta alipoonja umemfukuza yeye na ndugu zake. Ngoja mpaka boya litembee." Tena alimkataza kukanyaga ukingo kwa kishindo na kusimama mahali ambapo kivuli chake kingeangukia maji.

Aliolewa na Matayo, kijana aliyezaliwa kwenye kambi ya vibarua na kufanya kazi korona, kwenye mashine ya kusaga majani ya mkonge ili zitoke nyuzi. Matayo hakupenda kuvua, ila kula alipenda sana. Maisha yao yalikuwa ya kawaida mpaka mwaka ule bei ya mkonge ilipopanda, korona ikawa hailali, na Grasiana akaanza kutoa kuyu kila Jumapili huku wanaume wakirudi na perege wa kuhesabika.

Siri yake ilikuwa machicha. Jirani alipika pombe ya mahindi, na makapi yaliyobaki baada ya kuichuja Grasiana aliyaomba. Katikati ya wiki aliyachukua kwenye debe, akalifunika kwa kitambaa ili nzi wasimfuate, akaenda nayo upande wa mbali wa bwawa, chini ya mkuyu, akayatupa majini konzi kwa konzi. Samaki walizoea mahali pale. Jumapili akija na donge la ugali lililokandwa na machicha hayo hayo, aliwakuta wanamsubiri. Hakumwambia mtu. Watu wa ndoano hawaambiani mambo hayo.

Lakini debe lilionekana. Makuli wawili waliliona, wakamwambia Rehani, na Rehani akamwambia kila mtu isipokuwa Grasiana. Habari zilipofika korona, Matayo alirudi nyumbani amenuna.

"Unakwenda bwawani na debe kufanya nini?"

"Chambo," alijibu Grasiana.

"Chambo cha debe zima?"

"Wewe si unakula samaki? Kula basi."

"Mke wangu anakwenda porini peke yake, amebeba kitu kimefunikwa, nami niambiwe nile tu! Kuna mtu huko?"

Grasiana alicheka, na hilo lilikuwa kosa. "Nikikuambia leo, kesho korona nzima inajua, na Jumapili sina pa kukaa," alisema.

Tangu hapo Matayo akawa mtu wa maswali. Akitoka kazini alinusa kitambaa cha debe. Aliuliza nani alipita, nani alimsalimu, kwa nini amechelewa. Siku moja alimfuata mpaka kwenye matete, akasimama pale mpaka mbu wakamchosha, akarudi bila kuona mtu yeyote. Hata hivyo hakuridhika.

Kiangazi kilikaza, kijito kikapungua, bwawa likajikunja. Ndipo asubuhi moja wachota maji walipokuta samaki wanaelea. Perege, kambare, kuyu wakubwa ambao hakuna aliyewahi kudhani wamo, wote matumbo meupe juu. Wachache waliokuwa hai walipumua kwa shida ukingoni, midomo nje ya maji. Watu walikusanyika, na Rehani akatamka neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni.

"Utupa."

Utupa ni mmea. Majani yake yakipondwa na kutiwa majini, samaki hulewa na kuelea, na mvivu huwaokota kama embe. Jumbe wa kijiji alikuwa ameupiga marufuku kwa sababu watu na mifugo walikunywa maji yale yale.

"Nani huja hapa na debe?" aliuliza Rehani, akiwatazama wengine. Hakutaja jina, na hapakuwa na haja.

Jumbe Mdoe alimwita Grasiana barazani siku hiyo hiyo. Watu wa ndoano walijaa, na Matayo aliketi kwenye ubao wa nyuma na wenzake wa korona.

"Mwanangu," alisema Jumbe, "ulikuwa unatia nini bwawani?"

"Machicha, Jumbe. Ya kuwazoeza samaki."

Vicheko vikatoka. Debe likaletwa, likanuswa na Jumbe, kisha na Rehani.

"Linanuka pombe," Jumbe alikiri.

"Pombe ni ya kuficha harufu," alisema Rehani. "Mimi nimevua bwawa hili kabla huyu mama hajaolewa. Lini mtu alipata kuyu kila Jumapili? Ndoano haina bahati ya namna hiyo."

"Twende nikuonyesheni ninavyofanya," Grasiana alisema.

"Utatuonyesha kwa samaki gani? Si wamekufa?"

Alimtafuta mumewe kwa macho. Matayo alikuwa anatazama miguu yake. Mtu aliyemsumbua kwa maswali msimu mzima hakufungua kinywa, si kumtetea wala kumlaumu. Jumbe akasema kesi ingoje afanye uchunguzi, na mpaka hapo Grasiana asisogee bwawani.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Kisimani wanawake walichota kwanza wao, ndipo wakamwachia nafasi, wakiogopa mkono wake kwenye kamba. Jirani wa machicha alimrudishia bakuli la mboga bila kuonja. "Mtoto anaumwa tumbo, hatuli mboga," alisema, na mtoto huyo alikuwa anaruka ruka mlangoni.

Matayo alikuwa mpole. Alikuwa mpole kuliko desturi yake. Alileta kuni bila kuambiwa, na jioni moja alimwambia kwa sauti ya chini, "Waambie tu ulikosea. Jumbe ni mtu wa huruma. Yataisha."

Grasiana alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Nikubali?"

"Ili yaishe."

Maneno yale yalimkaa Grasiana rohoni. Mumewe hakumwuliza kama kweli alitia utupa. Aliwahi kumwuliza habari za kila mtu aliyempita njiani, na hili kubwa hakuliuliza. Mtu haachi kuuliza ila kwa kuwa jibu analo. Grasiana akaanza kumchunguza yeye. Aliona kwamba nguo zake za kazi, ambazo zamani zilinuka mkonge kama nguo za wanaume wote wa korona, sasa zilikuwa na madoa ya udongo mwekundu yasiyotoka hadi magotini. Korona ina sakafu ya saruji. Udongo ule aliupata wapi?

Asubuhi Matayo alipokwenda kazini, Grasiana hakwenda bwawani, kwani alikatazwa. Alipitia juu, akashika kijito kilichoshuka kutoka upande wa korona, akapanda nacho. Mbele kidogo alimkuta mfugaji mmoja mtu mzima, amesimama na ng'ombe wake, fimbo begani. Alimfahamu kwa sura: aliitwa Salaash, na kila kiangazi alitoka nyika za Handeni kutafuta maji upande huu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Wewe ndiye yule wanayesema ameua samaki?"

"Ndiye wanayesema."

Salaash alimtazama, kisha akawatazama ng'ombe. "Sisi hatuli samaki, kwa hiyo mambo yenu siyajui. Lakini tazama hawa. Wana kiu tangu jana. Nikiwaleta hapa wananusa, wanageuka. Ng'ombe naye amesikia habari zako?"

Grasiana alichuchumaa, akachota maji kwa kiganja. Yalikuwa na ukijani, na povu lilishika mawe. Harufu ilikuwa kali na chachu, na aliijua vizuri kwa sababu aliifua kila wiki kwenye nguo za Matayo. Walipanda wote wawili kufuata maji hadi mpaka wa shamba. Huko walikuta mfereji mpya, udongo wake mwekundu bado haujaota jani. Ulitoka nyuma ya korona ukileta maji ya mkonge uliosagwa, ukayamwaga kijitoni moja kwa moja. Zamani maji hayo yalikwenda kwenye shimo kubwa lililochimbwa mbali na kijito.

Matayo aliporudi, alimkuta mkewe ameketi mlangoni, hajawasha moto.

"Mfereji mlichimba lini?" aliuliza Grasiana.

Matayo akaketi chini hapo hapo kwenye vumbi. "Nani amekuambia?"

"Nguo zako."

"Shimo lilijaa," alisema. "Kazi imezidi, maji yakarudi ndani ya korona. Mnyapara akatuchagua sisi, tukachimba. Samaki walipokufa akatuita, akasema atakayefungua mdomo arudi kwao. Kwetu ni wapi, Grasiana? Mimi nimezaliwa hapa hapa kambini. Wakinitoa, niende nikamwambie nani kwamba nimerudi?"

"Ukaona afadhali mimi niitwe mtia sumu."

"Nilijua Jumbe hatakufunga."

"Ulijua? Au ulitumaini?"

Matayo aliinuka, akaenda kuwasha moto mwenyewe.

Kesho yake Grasiana alikwenda kwa Jumbe Mdoe pamoja na Salaash. Hakueleza mengi, alimwomba tu Jumbe aende akaone ng'ombe wasiotaka maji. Jumbe akaenda, na Rehani akafuata, na nyuma yao watu. Ng'ombe waliletwa kijitoni mbele ya wote. Dume la mbele lilishusha kichwa, likapuliza pua, likarudi nyuma. Halafu wakapanda mpaka kwenye mfereji, na huko hakuna aliyetamka neno utupa tena.

Wanaume wa korona walikuwa wametoka kuangalia. Matayo alikuwa miongoni mwao.

"Nani amechimba huu?" Jumbe aliuliza.

Grasiana aliwatazama wanaume wa korona mmoja mmoja, na macho yake yalipofika kwa mumewe yakatulia hapo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Alikumbuka ubao wa nyuma wa barazani na mtu aliyetazama miguu yake. Kisha akasema, "Jumbe, waliochimba wametumwa. Kamwulize aliyewatuma."

Jumbe alikwenda kwa meneja wa shamba akiwa amevaa kanzu yake nzuri. Waliyozungumza hayakujulikana, na watu walikuwa na shaka kama alizungumza kwa sauti kubwa sana. Lakini baada ya muda mfereji ulifukiwa na shimo jipya likachimbwa, bila tangazo lolote. Jumbe alisema tu kwamba kesi ya utupa imekwisha. Kisimani wanawake walianza kumpisha Grasiana achote kwanza, na jirani akaja kuomba chumvi ambayo hakuihitaji. Hakuna aliyesema samahani.

Rehani alijaribu kwa njia yake. Alimletea chubwi la risasi alilolitengeneza mwenyewe karakana, zuri, zito kiasi, la kushusha chambo hadi chini. Grasiana alilipokea na kushukuru. Rehani akakohoa.

"Sasa yale machicha, mama. Uliyatia upande gani hasa? Chini ya mkuyu, au mbele zaidi?"

"Mbele zaidi," alijibu Grasiana, na Jumapili nyingi zilizofuata Rehani alikaa mbele zaidi bila kupata kitu.

Mvua za masika zilipokuja, mto ulifurika na kuingia bwawani, ukaleta samaki wapya. Ilichukua muda mpaka kuyu wakazoea. Kuyu ambaye Grasiana alimtoa baadaye, mbele ya mashahidi wote, alikuwa mrefu kuliko mkono wa Rehani, kiwiko na kila kitu, na Rehani mwenyewe alisaidia kumbeba. Matayo alimsimulia kuyu huyo korona kwa miezi, kwa majivuno, kana kwamba ni yeye aliyeshika mshipi. Grasiana alimwacha asimulie. Waliishi pamoja, wakazaa, wakazeeka, na hakumwambia mtu kwamba Matayo alikuwa mmoja wa waliochimba mfereji. Lakini kila Matayo alipokaa kimya kuliko kawaida, au alipoleta kuni bila kuambiwa, Grasiana aliacha alichokuwa anakifanya, akamgeukia, akamtazama mpaka aseme kuna nini.