Nabeba wagonjwa wa Kibimba nikiwa Biharamulo

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi cherehani, niko Biharamulo mjini. Magauni nayauza online: WhatsApp status, na SMS kwa wateja wa zamani. Baba yangu yuko Kibimba, Ngara, anaishi peke yake na migomba yake.

Kule kuna kikundi cha machela. Ukiugua, majirani wanakubeba hadi barabara kubwa. Sharti ni kila nyumba itoe mtu wa kubeba, na nyumba yetu ina mzee mmoja mwenye goti bovu.

Mwaka huu wakataka kumtoa kikundini. Nikatuma mchango wa hela ili abaki, ukarudishwa! Nilikasirika, nikapanda basi hadi kwa mwenyekiti.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole kabisa, kisha akanikata maini.

"Binti, hela haina bega."

Nikamwambia basi nipeni kazi ninayoiweza. Wao huitana kwa filimbi, na mvua ikinyesha filimbi haisikiki. Mimi natuma SMS moja inawafikia wote, hata wenye simu za vitochi. Na gari la kusubiri barabarani naita mimi.

Wazee wakacheka, ila wakanipa majaribio.

Siku ya kwanza nikavuruga. Tangazo la machela likaenda kwa wateja wa magauni. Watu wakanipigia kunipa pole, na mmoja akauliza kama gauni lake litachelewa. (Lilichelewa.)

Baadaye mambo yakanyooka. Nyumba yenye mgonjwa ikinibipi tu, naacha cherehani, natuma.

Juzi akabipi baba.

Nikapiga, hapokei. Nikapiga tena, kimya. Niliogopa sana wakuu, hata tangazo la kawaida likanishinda kuandika. Nikatumia kikundi maneno mawili tu: "Kwa baba."

Nikakaa chini nalia. Muda si mrefu mwenyekiti akapiga, anahema.

"Tumeshambeba. Wewe ita gari."

Mzee kalazwa, anaendelea vizuri, ameanza hata kulalamikia uji wa hospitali.

Nilichojifunza: mnaouza vitu mtandaoni, ujuzi huo huo upelekeni kwenye vikundi vya nyumbani. Mzazi wako atapata watu hata ukiwa mbali.

Ila jana baba kaniuliza, siku nikiumwa mimi huku mjini, nani atatuma SMS, na iende kwa nani?

Nikaona swali nililete hapa. Nyie mlio mbali na kwenu mmejipangaje? Tiririkeni hapo chini.