Nilimliza Nyanya Matanga Yake Akiwa Hai

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio. Nimeshajitafutia vyote, na vyote vinanuka.

Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu miguu yangu haijui kutulia. Nimepakia mpunga Ahero, nimeuza viatu Sondu, nimefungua redio za watu nikashindwa kuzifunga. Mwaka huu udadisi ukanileta kwenye darasa la kompyuta hapa Kisumu. Asubuhi nashusha magunia, mchana naingia darasani nimechoka kama punda wa kubeba mchanga.

Kazi yetu ya mwisho ilikuwa kutengeneza kitabu cha picha kwenye kompyuta, kuhusu mtu unayempenda. Nilimchagua nyanya yangu wa kijiji cha Pap Onditi, aliyenilea. Nilipokwenda kumpiga picha, alivaa gauni la kanisa, akakaa wima mbele ya nyumba, akauliza, "Nicheke au nisicheke?"

"Cheka, Nyanya!" Akacheka.

Basi kitabu kikanitesa! Picha zinalala ubavu. Programu inakata kichwa cha Nyanya, inaacha mbuzi aliye nyuma yake. Nasogeza picha moja, zingine zote zinaruka ukurasa. Stima zinapotea kabla sijahifadhi. Nilitamani kuing'ata ile kompyuta!

Rafiki yangu Odhiambo ana saiba, kiduka cha kompyuta na intaneti, anatengeneza vijitabu vya mazishi. Huku kwetu siku hizi marehemu hazikwi bila kijitabu: picha zake, maisha yake, nyimbo za kuimba. Akanicheka. "Bwana, unajiua bure. Chukua hiki cha mzee fulani, toa picha zake, weka za nyanya yako. Kwisha!"

Nikachukua. Picha zikakaa sawasawa, zimezungukwa na maua meupe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno: "Pumzika kwa amani, Mungu alikupenda zaidi."

Niliyaona! Hilo ndilo linalonichukiza hadi leo. Niliyaona kwa macho haya, nikasema nitafuta baadaye, nikakituma kwenye kundi la darasa, nikalala juu ya meza.

Mwenzetu mmoja darasani anatoka Pap Onditi. Aliitambua ile sura, akasikitika, akakituma kwa akina mama wa kanisa lao.

Alasiri hiyo Nyanya alikuwa akianika mahindi. Akasikia mayowe yanakuja kutoka barabarani. Akaacha mahindi, akaanza kulia naye, akikimbia kuwalaki. "Ni nani? Ni nani ametuacha?"

Wale akina mama wakasimama ghafla. Mmoja akadondosha kikapu cha unga. "Mama, si ni wewe!"

Nilipopigiwa simu nikafika, ua ulikuwa umejaa. Wengine wanacheka, wengine wanakemea mapepo. Nyanya hakucheka. Alidai kukiona kitabu. Akakipitia chote kwenye simu yangu, nikamsomea ukurasa wa mwisho, akanirudishia.

"Watu wamenililia wakamaliza," akasema. "Siku nikifa kweli, watakuja na machozi gani?"

Nikamjibu eti kompyuta ndiyo iliyokosea. Kompyuta! Ptuu! Mwongo mkubwa mimi!

Na mwalimu je? Akakisifu. Eti kazi nadhifu.

Nikadhani yameisha. Mvua zilipoanza, Nyanya akashikwa na homa kali, hata kusimama hawezi. Nikawapigia simu wale wale akina mama, nikiomba gari, nikiomba mikono ya kumbeba. Kila mmoja aliuliza kwanza: "Ni kweli, au ni kitabu tena?" Mwingine alicheka, akakata simu.

Siku ya uongo walijaa ua mzima. Siku ya kweli tulikuwa kwenye bodaboda moja: dereva, Nyanya katikati, na mimi nyuma nimemkumbatia asianguke kwenye matope. Alikuwa anatetemeka kwa homa.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini sasa nikitoa simu mfukoni, hata kama ni kuangalia saa tu, anajifunika uso kwa leso.

Wewe unayesoma hapa ukiwa umechoka, macho mazito, kazi ya watu mbele yako: ukiona neno baya, lifute kabla hujainuka. Ile "baadaye" yako ni mdomo unaosema uongo. Mimi niliiamini, na leo nina picha moja tu ya Nyanya akicheka, nayo imebaki ndani ya kitabu kile, imezungukwa na maua ya maiti.