Simba Arobaini Kwenye Blogu Yetu

Leo asubuhi wageni wameikimbia kambi yetu ya mahema kwa kuogopa simba. Karatu mjini, jirani na mashine ya kusaga.

Ngoja niwaeleze.

Wiki mbili nimehangaika kuchagua blogu ipi ya bure itatufaa kuitangaza kambi. Shemeji yangu Elia akanicheka. "Shem, blogu yoyote ni sawa. Wewe andika simba mara arobaini, mtu akitafuta simba mtandaoni anatukuta sisi."

Nikaandika. Na kweli wametukuta, baba, mama na watoto wawili.

Mama, watoto amewakumbatia, akauliza simba wanapita upande gani usiku.

"Hapa hawapo, wako kule kreta, ndani ya hifadhi."

"Mbona blogu yako imejaa simba?"

Hakuniamini, akaanza kufunga mizigo.

Wamehamia kwa jirani mwenye gesti ya matofali, ambaye hata barua pepe hana.

Elia anashauri niongeze "hakuna simba" mara arobaini. Nishikeni, jamani.