Bundi Alituambia Tusilale Pale

Jambo hili sikusimuliwa. Lilinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado liko juu, na ningependa sana liwe uongo.

Ilikuwa wakati wa vita hapa Ituri. Nilikuwa nimeolewa karibuni tu, mtaa wa Lumumba, Bunia. Mume wangu alikuwa amekwenda Niania kwa biashara, njia zikafungwa akiwa huko. Masasi ya bunduki yalipoanza kulia mtaani, nilikimbia na mama mkwe wangu pamoja na majirani, mpaka porini upande wa Komanda. Tukajenga vibanda vya majani kando ya kijito. Mama mkwe sikuwa nimemzoea. Mbele yake hata kutafuna nilitafuna polepole.

Alasiri moja nilikwenda kuteka maji. Ng'ambo ya kijito nikakuta mwanamke ameketi juu ya gogo. Uso wake ulikuwa mviringo, na kikwembe alichojifunga kilikuwa cha rangi ya majani makavu, chenye madoadoa. Nikadhani ni mkimbizi kama sisi, labda ametoka Gety. Nikamsalimu.

"Mutalala hapa leo?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Siye tunalala hapa."

"Musilale hapa."

"Juu ya nini?" nikauliza sababu.

Kitu kikalia nyuma yake msituni. Mabega yake hayakusogea, niamini. Kichwa peke yake kiligeuka, kikageuka mpaka nikaona kisogo pale uso ulipokuwa. Kisha kikarudi, na macho yale meusi hayakupepesa hata kidogo. Nilipovuta pumzi, mwanamke hakuwapo. Juu ya gogo alisimama bundi. Akaruka, na mbawa zake hazikutoa sauti yoyote.

Nikuambie nini? Nilijikojolea. Mtu mzima, mke wa mtu. Nikaacha bidoni ya maji palepale, nikakimbia hadi kwenye vibanda, kikwembe kikiwa kimelowa mbele ya wanaume wote. Nikawaambia yule mwanamke amesema tusilale pale, na kwamba amegeuka bundi.

Papa Deo, jirani yetu seremala, ndiye aliyembebea mama mkwe mzigo njia nzima. Mtu mwema. Akaniangalia toka juu hadi chini.

"Bibi ya watu amejikojolea juu ya kuogopa ndege," akasema.

Wakacheka wote, mkewe na watoto wake pia. Tangu tutoke mjini hatukuwa tumesikia kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe hakucheka. Alinifunga kitambaa chake kiunoni. "Tuende, mutoto yangu. Nitakufulia."

Tulipanda na kijito mbali sana, ili mtu asituone. Akanifulia kwa mikono yake, mama mzaa mume wangu, huku mimi nimeinamisha kichwa. Giza likaanza kuingia, kikwembe bado hakijakauka.

"Haturudi kule na nguo ya maji," akasema. "Wanacheka tena. Tulale hapa."

Alfajiri tulisikia masasi upande wa vibanda. Tulilala kifudifudi kwenye matope mpaka pakawa kimya. Papa Deo alikufa pale, na watoto wake, na wengine wengi. Mkewe aliponea kwenye majani.

Tuliporudi Bunia, watu waliuliza tulipona namna gani. Mama mkwe alijibu, "Tulikuwa tunafua." Hakusema zaidi, hata kwa mwanawe, mpaka siku aliyofariki.

Mke wa Papa Deo tunasali naye kanisa moja. Siku moja alinisogelea tukitoka. "Weye ulisema," akaniambia, "na siye tukacheka." Akaangalia chini. Mimi pia nikaangalia chini. Kati yetu nani alistahili kuona haya? Yeye alicheka. Mimi nilisema mara moja, nikachekwa, nikanyamaza, nikaenda zangu nikapona. Hadi leo nikimwona mbali sokoni, ninapita njia nyingine.

Basi weye unayenisikiliza, ukikutana porini na mtu ambaye macho yake hayapepesi, akakuambia neno, lipeleke kwa watu wako. Wakikucheka, liseme tena. Ng'ang'ania, wavute mikono, lia mbele yao kama ni lazima. Haya ya kuchekwa inaisha. Hii nyingine niliyobaki nayo, sijaona mahali pa kuiweka.